Mahali Trekta Lilipokuwa Likizimika

Mume wangu alirudi kutoka vitani Burma akiwa na mikono yake yote, miguu yake yote, na masikio yasiyosikia. Bomu lilianguka karibu na gereji ya jeshi alikokuwa akitengeneza malori, na tangu siku hiyo, aliniambia, dunia ilikuwa kama imefunikwa blanketi zito. Sauti kubwa ilimfikia kifuani kama mtikisiko. Sauti ndogo haikumfikia kabisa. Mwenyewe alizungumza kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto, hata tukiwa tumekaa mkeka mmoja, na majirani zetu pale Shinyanga walijua tunakula nini kabla sijapakua.

Kazi aliipata upesi. Mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, mnunuzi wa pamba karibu na stesheni ya reli, alikuwa amenunua trekta kuukuu kutoka kwa Mzungu aliyeshindwa na kilimo akaenda zake. Lilikuwa na magurudumu ya chuma, rangi imebabuka, na kiti cha chuma kilichotoboka matundu kama chekeche. Liliwashwa kwa petroli kidogo, na likishapata joto lilihamishiwa mafuta ya taa. Betri halikuwa nayo. Moto wake ulitoka kwenye magneto, kidude kizito kilichokaa ubavuni mwa injini, kina sumaku ndani, kikizungushwa kinazaa cheche.

"Moto umelala ndani ya chuma," mume wangu alipenda kusema. "Kazi yetu ni kuuamsha."

Siku hizo mimi sikuwa na kazi hiyo. Kazi yangu ilikuwa kumpelekea uji uani kwa yule Mhindi, na kukaa kidogo kivulini penye marobota ya pamba nikimtazama. Nilipenda kumtazama. Alifungua plagi, akailaza juu ya chuma cha injini ikiwa bado imeshikwa na waya wake, kisha akazungusha hendeli kwa mkono mmoja huku ameinama, macho kwenye ile ncha ya plagi. Cheche ikiruka ya samawati, alitabasamu. Ikiruka nyekundu, dhaifu, alikunja uso na kuanza kusugua platini, vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana ndani ya magneto, kwa kipande cha msasa, taratibu, kama mtu anayemsafisha mtoto masikio. Vumbi la pamba lilikuwa likielea hewani, na mimi nikiwa nimeegemea marobota yale niliona kila kitu kama kwa mbali, kama ndoto ya alfajiri ambayo mtu hataki iishe.

Asubuhi moja nilimkuta amelowa jasho. Trekta lilikuwa limekataa kuwaka tangu kulipokucha. Plagi alikuwa amesafisha, waya amekagua, platini amesugua. Akazungusha tena hendeli, na tena, na mimi niliyesimama na kibuyu cha uji nikahisi kuna kitu kimepungua. Nilimgusa bega ageuke asome midomo yangu.

"Jana lilikuwa linasema," nikamwambia. "Leo halisemi."

"Linasema nini?"

"Ukizungusha, kabla halijawaka, kuna mahali linasema ta! Kama mtu anavunja kijiti kikavu. Leo kimya."

Alinitazama kwa muda mrefu hata nikaona haya, nikadhani nimeongea upuuzi. Kisha akacheka, kicheko chake kikubwa kilichowarusha njiwa juu ya bati. Akanieleza kwamba ndani ya magneto mna kijino chenye springi. Mkono wa mtu huzungusha polepole mno, moto hauwezi kuzaliwa. Basi kile kijino huishika magneto kidogo, kikaibana, kisha kikaiachia kwa ghafla, na kwa mruko huo ndipo cheche hutoka. Mlio wake ndio ile *ta*. Alikuwa akiusikia zamani, kabla ya Burma, na alikuwa amesahau kwamba upo.

Aliifungua magneto juu ya gunia safi. Kijino kilikuwa kimegandwa na mafuta ya zamani yaliyokuwa mazito kama ulimbo. Alikiosha kwa mafuta ya taa, akitumia unyoya wa kuku, akarudisha kila kitu mahali pake kwa alama alizokwisha kuzichora kwa msumari. Akazungusha hendeli, macho yake usoni pangu.

*Ta.*

Nikaitikia kwa kichwa. Mzunguko uliofuata, trekta likaamka.

Tangu siku hiyo alinichukua kila alikokwenda. Mwenye trekta alipouliza fundi anataka mke wa nini shambani, mume wangu alimjibu kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya mto, "Huyu ndiye masikio ya trekta lako." Yule Mhindi akainua mikono, akasema haya.

Tukatengeneza lugha yetu ya mikono. Injini ikikohoa na kudhoofika kidogo kidogo, nilishusha kiganja nikikipeperusha kama jani linaloanguka. Hapo alijua mafuta hayafiki, akaenda kutazama bomba na kichujio. Injini ikikatika ghafla, nilipitisha kiganja hewani kama kisu. Hapo alijua moto umepotea, akaenda kwenye waya na magneto. Silinda moja ikikosa, nilikunja kidole kimoja. Wanawake wa vijiji tulivyopita walidhani tunasali.

Mwaka ninaotaka kuusimulia, tulipelekwa upande wa Geita. Trekta lilipakiwa kwenye lori, nasi juu yake, tukapita Kahama, tukaingia misituni. Katoro ya leo, yenye maduka na pilikapilika, wakati huo ilikuwa miti tu, na miti ile ilitupita siku nzima kijani na kimya. Huku kwetu Shinyanga macho yamezoea kwenda mbali kwenye mbuga. Kule yaligota kwenye majani, yakarudi. Nilisinzia, nikaamka, nikasinzia tena, na kila nilipoamka mume wangu alikuwa ameweka kiganja chake juu ya boneti ya trekta, kama mchungaji aliyelala na ng'ombe wake.

Aliyetukodi alikuwa Mzinza mmoja mnene, mchangamfu, aliyefanya kazi mgodini miaka kadhaa kisha akarudi kwenye ardhi ya baba yake akitaka kulima pamba. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshalainisha udongo, ule udongo mwekundu unaoshika miguu kama hina. Alikuwa na mama yake, mwembamba, mfupi, aliyependa kukaa pembeni mwa shamba juu ya ngozi ya ng'ombe akibangua karanga. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba mwanangu," na hapo Kiswahili chake kikaisha. Alinisemesha Kizinza, nikamjibu Kisukuma, na maneno yaliyofanana yalituvusha.

Siku ya kwanza trekta lilikwenda vizuri hadi jua lilipopanda. Nilikuwa nimekaa karibu na yule mama, nasikiliza mlio ukienda na kurudi, mbali, karibu, mbali. Usingizi ulikuwa ukinivuta. Halafu mlio ukakatika.

Kimya cha shamba baada ya trekta kuzimika ni kimya cha ajabu. Kwanza masikio yanavuma. Kisha ndege wanarudi mmoja mmoja. Mume wangu aliteremka akanitazama kutoka kule, nami nikainua mkono nikapitisha kisu hewani.

Alikwenda moja kwa moja kwenye plagi. Akailaza juu ya chuma, akazungusha. Hakuna cheche. Akajaribu ya pili. Hakuna. Akafungua kifuniko cha magneto, platini zilikuwa safi, zinafunguka na kufunga sawasawa. Nilifika, nikainamisha sikio akizungusha. *Ta* ilikuwepo, imara kabisa. Moto ndio haukuwepo.

Mwenye shamba alileta ng'ombe wake wa kukokota jembe. Wakalivuta trekta hadi pale uwanda ulipokuwa sawa, chini ya kivuli, ili fundi apate pa kufanyia kazi. Ilikuwa picha ambayo sijaisahau, wale ng'ombe wenye macho mapole wakilikokota lile dubwana la chuma, mmoja akiligeukia mara kwa mara kama anayeuliza ni mnyama gani huyu mzito. Mume wangu akajaribu plagi tena. Cheche ikaruka, ya samawati, nzuri. Trekta likawaka kwa mzunguko mmoja.

Alilima hadi karibu na jioni. Likazimika tena, palepale lilipozimika mwanzo.

Kesho yake likazimika palepale.

Palikuwa ni mahali pamebonyea kidogo, upande mmoja wa shamba, penye mawe matatu yaliyozama ardhini hadi kubaki migongo tu. Safari hii mwenye shamba alikuja na ng'ombe wake taratibu. Uchangamfu wake ulikuwa umemtoka. Alisimama ameshika pembe ya ng'ombe, akaniambia mimi, kwa kuwa alijua fundi hatasikia:

"Shemeji, hapa ndipo palipokuwa mji wa babu yangu. Baba yangu naye alikaa hapa kabla hatujahamia kule juu. Nadhani wenyewe hawataki. Mwambie fundi asijisumbue, nitachinja mbuzi kwanza."

Nilimweleza mume wangu. Hakucheka. Watu waliokwenda Burma hawakuwa wepesi wa kucheka mambo ya wafu. Alisema tu, "Mwambie achinje, ni sawa. Lakini mimi na moto wangu tuna mazungumzo bado."

Akapiga magoti palepale kwenye bonde lile dogo, akaagiza ng'ombe wasifungwe. Mara mbili zilizopita, alisema, alikosea kulitoa trekta pale kabla ya kulisikiliza. Mgonjwa lazima atazamwe akiwa na homa. Aliweka plagi juu ya chuma, akazungusha: hakuna. Kisha akafungua waya mwembamba uliotoka kwenye magneto kwenda kwenye swichi ya kuzimia, ile ambayo dereva huivuta akitaka injini inyamaze. Akauacha unaning'inia. Akazungusha tena.

Cheche ikaruka.

Nilimwona akifumba macho kidogo, kama mtu aliyeonja kitu kitamu. Kisha akaufuata ule waya kwa vidole, inchi kwa inchi, ukipita chini ya tangi, ukipinda nyuma ya nguzo ya usukani. Huko nyuma, mahali pasipoonekana, vidole vikasimama. Mpira wa waya ulikuwa umesuguliwa ukaisha, shaba imebaki uchi. Kwenye ardhi tambarare waya ulining'inia bila kugusa kitu. Trekta likiinamia upande ule, kama lilivyoinamia kwenye bonde lile, waya uliegemea chuma, na moto wote ukapotelea kwenye mwili wa trekta, sawasawa na mtu aliyevuta swichi. Katika shamba lote, ni pale tu palipoinama namna ile.

Alikata kipande cha mpira wa baiskeli, akauzungushia waya, akaufunga kwa uzi, akaurudisha. Injini ikawaka palepale bondeni, ikanguruma bila kukwama. Mwenye shamba akaruka akapiga makofi, uchangamfu wake ukamrudia wote.

"Kumbe waya! Basi, fundi, tulime! Tulime mpaka kwenye mawe!"

Niligeuka kumtafuta mama yake. Alikuwa ameacha karanga zake. Alikuwa amesimama, mkono umeshika kanga kifuani, anayatazama yale mawe. Nikamwendea.

Alizungumza polepole ili nielewe. Yale mawe yalikuwa mafiga yake. Aliletwa pale akiwa bibi harusi, akapikia pale ugali wake wa kwanza ukaungua. Nyuma ya mafiga kulikuwa na nyumba, na nyuma ya nyumba, chini ya ukingo wa paa, alikuwa amelala mtoto wake wa kwanza, wa kike, ambaye hakufika kutambaa. Mwanawe huyu hakujua, alizaliwa baadaye sana, na wanaume hawaelezwi kila kitu. Hakuomba tusilime. Alinieleza tu, kisha akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa na unga wa maganda ya karanga.

Sijui aliona nini usoni pangu. Mimi nilikuwa na wangu.

Mume wangu alipochukuliwa jeshini niliachwa na mimba. Mtoto alizaliwa wakati wa mavuno ya mtama, akaishi mpaka mvua zilipoanza, homa ikamchukua. Mume wangu aliambiwa na kaka yake siku aliposhuka kwenye treni Shinyanga, pale pale stesheni, kwa kupigiwa kelele sikioni, watu wote wakisikia isipokuwa yeye aliyesikia nusu. Tangu hapo hatukulizungumza. Sikujua ningelizungumzaje kwa mtu ambaye ni lazima umpigie kelele.

Nilirudi kwenye trekta. Injini ilikuwa ikinguruma, yeye ameshakaa kwenye kiti. Nilimwonyesha mawe. Nikaweka mikono yangu kama mtu aliyebeba mtoto, kisha nikaishusha chini, nikailaza ardhini. Nikamwonyesha yule mama.

Alinitazama. Akamtazama yule mama. Akavua kofia yake ya jeshi, akaivaa tena. Kisha akageuza usukani, akapinda kabla ya kufika kwenye mawe, akalizunguka lile bonde mbali kidogo, na mifereji ya jembe ikalizunguka kama maji yanavyozunguka kisiwa. Mwenye shamba alipiga kelele akionyesha kwamba amesahau kipande. Mama yake akamwita kwa neno moja tu la Kizinza. Akaenda, wakasimama pamoja, na sikuyasikia waliyosema, maana trekta lilikuwa likilia na nilikuwa natazama pengine.

Jioni ile tulikaa nje ya kibanda tulichopewa, tukila michembe ya viazi vitamu vikavu niliyoichemsha na karanga za yule mama. Jua lilikuwa bado juu ya vilima. Upande wa mgodini baruti zilipigwa, kama ilivyokuwa kila jioni zamu ilipobadilika, na ardhi ikatetemeka chini yetu. Jioni ya kwanza mume wangu aliruka na kutazama angani. Safari hii hakuruka. Aliweka kiganja chake ardhini mpaka mtetemeko ukaisha. Ilikuwa sauti pekee tuliyoisikia sote wawili kwa pamoja.

Kisha akaniuliza, na kwa mara ya kwanza tangu arudi aliishusha sauti, sijui alijuaje kuishusha:

"Alikuwa akiliaje?"

Nilijua anamuulizia nani. Nikainua mkono, nikakunja vidole na kuvifungua upesi upesi, kwa sababu mtoto wetu hakulia kwa kuvuta. Alilia kwa vipande vifupi, vyenye hasira, kama mtu mzima anayedai haki yake. Mume wangu aliutazama mkono wangu. Nikaendelea. Alipokuwa akishiba aliguna hivi. Akiwa usingizini alipumua hivi, na pumzi ikigota kidogo mwishoni. Nilimweleza kila sauti ambayo nilidhani nimeisahau, zikaja zote, na yeye aliuliza, "Halafu?" na "Akiamka?" kama alivyoniuliza habari za injini, kwa makini yaleyale, asitake kukosa kitu. Machozi yalimtiririka bila yeye kuyafuta. Yangu pia. Michembe ikapoa.

Tulimaliza shamba lile siku zilizofuata, tukahamia kwa jirani yake, na kwa jirani wa jirani. Habari za mume wangu zilienea, nyingine za kweli, nyingine zimeongezwa chumvi. Wengine walisema yule fundi kiziwi ana dawa ya kuzungumza na mizimu. Wengine walisema ni mkewe ndiye mwenye dawa. Mwenye shamba alichinja mbuzi wake hata hivyo, kwa kuwa alikwisha kuahidi, na sote tulikula.

Miaka michache baadaye yule Mhindi alinunua matrekta mapya yenye betri, na lile letu akaliuza kwa wachimba dhahabu waliotaka injini ya kuvutia maji shimoni. Tulikwenda wenyewe kulikabidhi. Walikuwa vijana kutoka kila upande wa nchi, mmoja akiwa na kanzu, mwingine na msalaba shingoni, wote wana matope mpaka kwenye nyusi. Mume wangu aliwaonyesha plagi, waya, platini, kwa uvumilivu mkubwa. Kisha mmoja wao, kijana mrefu, akaniuliza mimi:

"Na wewe mama, unafanya nini hapa?"

Nikamwambia azungushe hendeli. Akazungusha kwa pupa, dole gumba limeshika hendeli upande wa pili, na nikamkaripia aliweke pamoja na vidole vingine kabla injini haijarudisha teke ikamvunja. Akarudia, safari hii taratibu.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Nini?"

"Zungusha tena. Sikiliza."

Akazungusha akiwa amekunja uso, wenzake wakiwa wamenyamaza nyuma yake, mpaka akainua macho na kusema, "Kuna kitu kimesema ta."

"Ndiyo hiyo," nikamwambia, nikaenda kukaa kwenye gogo kumngoja mume wangu, ambaye alikuwa amegundua kwamba watu wale hawana kichujio cha mafuta na alikuwa akiwatafutia kitambaa cha kufaa.